Vidole vya Mma Gosego

Mma Gosego Ramotlhwa alipiga taipu katika mahakama ya Serowe, Botswana, tangu enzi za mashine za chuma hadi alipostaafu. Alipokuja kupanga mafaili kwenye studio yetu ya picha za harusi, kitu kimoja tu kilimtesa: kipanya. Mshale ulimkimbia kwenye kioo, naye akiufukuza, picha zikiangukia folda zisizo zake.

"Mma, kipanya kimekushinda tena?" bwana mwenye studio, Rra Mothibi, alimtania. "Tukuletee paka?"

Mma Gosego alicheka pamoja nasi. Lakini mimi, niliyekaa naye meza moja, nilimwona akiusugua mkono wake kwa hasira.

Jumatatu moja alikuja amechangamka. Binti yake aliyeko Gaborone alikuwa amemwambia ipo programu ya kupanga mafaili kwa kibodi tupu. Akafungua terminali, lile dirisha jeusi tulilokuwa tukiliogopa, akaandika amri ya kuiweka. Kompyuta ikakataa. Akasoma ilichomjibu, akaona ameruka herufi moja.

"Mpiga taipu mzima!" akajikemea, akaandika upya.

Safari hii ikadai neno la siri. Akaandika, lakini hakikuonekana kitu.

"Imekufa hiyo," nikasema.

"Haijafa, Seabelo. Inanifichia siri yangu."

Kweli, maandishi yakamiminika, na punde programu ikafunguka. Safu tatu: folda ulikotoka, uliyomo, na vilivyomo mbele yako. Ukibonyeza J unashuka, K unapanda, L unaingia, H unarudi. Mma Gosego akaviweka vidole juu ya herufi hizo. Hapo ndipo mkono wa kulia wa mpiga taipu hulala.

"Kumbe walioitengeneza walitukumbuka sisi wapiga taipu," akasema taratibu.

Wiki hiyohiyo familia ya bibi harusi ilifika kabla ya wakati. Rra Mothibi akaingia mbio.

"Mma, picha za kanisani peke yake, za karamuni peke yake. Wenyewe wako mlangoni!"

Vidole vikaanza kazi. Akashuka akiziwekea alama picha za kanisani moja baada ya nyingine, kisha akabonyeza D mara mbili. Majina ya picha hizo yote yakafifia.

Rra Mothibi akashika kichwa. "Umefuta harusi ya watu!"

"Sijafuta, Rra. Nimezibeba tu. Ngoja nizitue."

Akaingia kwenye folda mpya, akabonyeza P mara mbili. Picha zote hizo hapo, zimejipanga, na za karamuni zimebaki peke yake.

Mama wa bibi harusi alipoziona aliuliza ni nani aliyezipanga vizuri hivyo. Rra Mothibi hakusita. "Ni huyu mama hapa. Hashiki hata kipanya."

Mma Gosego akasimama, akanyoosha sketi, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko chake, kwa heshima.

Mchana akampigia simu binti yake, sauti juu mpaka wasusi wa jirani wakachungulia dirishani.

"Ile programu nimeiweka mwenyewe! Unanisikia, mwanangu? Mwenyewe!"