Saini ya Mzee Abdulrahmani

Kijana wa kaunta aliigeuza cheki, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaipitisha tena chini ya kioo.

"Mama, hii imekataa."

"Imekataa nini? Akaunti haina hela?"

"Mambo ya akaunti ya mtu siwezi kukwambia. Tatizo ni saini. Haifanani na tuliyo nayo ya mwenye akaunti. Mrudie aliyekuandikia."

Aliyemwandikia alikuwa Kasulu. Winifrida alikuwa Kibondo, na nyumbani kwake wakulima walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi wakimsubiri atoke benki.

Watu walimwita Mama Reverien, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kukusanya maharage kwa wakulima wa Kumsenga na vijiji vya upande wa Mabamba, kuyapakia kwenye lori na kuyapeleka Kasulu kwenye stoo ya Mzee Abdulrahmani. Lori lilikwenda na magunia, dereva akarudi na bahasha yenye cheki. Wenzake walimcheka. Wanunuzi wa Mwanza walikuwa wanalipa kwa simu kabla lori halijawasha injini, na wengine walikuja na fedha taslimu kwenye begi. Nani tena, walimwuliza, anahangaika na karatasi?

Yeye aliipenda ile karatasi. Fedha taslimu kwenye barabara ile zilishawahi kuwatoa watu roho miaka ya nyuma, na hela ya simu ina balaa lake: ujumbe unalia, hujausoma bado, shemeji yako ameshavuta kigoda anakueleza shida zake. Cheki ilikaa kimya ndani ya Biblia. Kesho yake anaipeleka benki, anawalipa wakulima kila mtu kwenye simu yake, basi. Miaka yote hiyo haikuwahi kurudi hata moja.

Alipofika nyumbani hawakumpa nafasi ya kukaa.

"Umetoka nazo?" aliuliza Pasikali, mkulima wa Kumsenga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyekuwa na magunia mengi kuliko wenzake, na ndiye waliyemtanguliza kusema.

"Bado. Benki wanasema saini ina kasoro. Nampigia mzee anirekebishie."

"Mama Reverien, sisi huyo mzee wako hatumjui. Tulikuuzia wewe. Mvua imeshanyesha, wenzangu wanapanda, mimi mbegu sina na mbolea sina. Mwambie akutumie kwa simu sasa hivi, tukiona."

Winifrida akapiga mbele yao wote. Akapokea Nasma, binti wa mzee. Baba amelala, alisema. Winifrida akasubiri kidogo akapiga tena. Baba anaswali. Mara ya tatu baba alikuwa ametoka, na simu ikakatwa upande wa pili bila kwaheri.

Pasikali alikwenda hadi kwenye pikipiki ya Tharsisi, mume wa Winifrida, iliyoegeshwa ukutani, akaishika usukani.

"Hii nakaa nayo. Kesho jioni hela isipoingia, tunakwenda polisi. Na mpaka wa Mabamba si mbali. Mtu akitoka hapa sasa, jioni yuko ng'ambo kwao na hela zetu."

Hakuna aliyemkanya. Mama yake Winifrida alivuka kutoka huko ng'ambo akiwa na mimba yake. Winifrida alizaliwa Kumsenga, akabatizwa Kumsenga, akapata uraia na kitambulisho chake, akazika wazazi wake hapo hapo. Na huyu Pasikali walicheza pamoja utotoni. Tharsisi alisimama mlangoni akikunjakunja kofia yake, akaitazama pikipiki ikisukumwa hadi barabarani.

Asubuhi Winifrida alipanda gari la kwanza la Kasulu. Walipopita Makere alikuwa ameshapiga tena, na safari hii simu iliita hadi ikakata. Akaanza kufikiri mambo ambayo jana hakutaka kuyafikiri. Kwamba mtu anaweza kuharibu saini yake mwenyewe kwa makusudi. Kwamba maharage yameshauzwa, na mzee anavuta muda.

Duka lilikuwa wazi. Nasma alikuwa nyuma ya kaunta, amejitanda mtandio mweusi, anapanga miche ya sabuni. Alipomwona Winifrida aliangusha mmoja. Kupitia mlango wa nyuma stoo ilionekana hadi ukutani, tupu, na mama mmoja alikuwa anafagia makapi ya maharage.

"Dada Winnie. Karibu. Umekuja bila taarifa."

"Taarifa nimezileta tangu jana kwenye simu. Maharage yangu yako wapi?"

"Yameondoka juzi. Mteja wa Shinyanga."

"Na hela?"

"Zipo benki, dada. Wallahi zipo."

"Basi niitie Mzee."

"Baba amesafiri."

Winifrida alimtazama. Alimjua Nasma tangu akiwa anakwenda chuo cha Kurani na juzuu kifuani, na alijua kwamba huyu mtoto hajui kusema uongo. Akafungua kijimlango cha kaunta, akapita. Nasma alimshika mkono. "Dada, tafadhali, usiingie." Winifrida akautoa ule mkono taratibu, akasukuma pazia la ndani.

Mzee Abdulrahmani alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba kwenye ua wa ndani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala mapajani na kalamu ilikuwa imefungwa kwenye vidole kwa kitambaa. Miguuni pake vilitapakaa vipande vya maboksi ya sabuni, vyote vimechorwa jina lake. Herufi za kwanza zilisimama wima, zilizofuata zilianguka kama watu waliosukumwa.

Winifrida akainama mbele ya kiti.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba." Neno lilitoka zito, limebanwa. "Umekuja, Mama Reverien. Nilijua utakuja."

"Kiharusi," alisema Nasma nyuma yake, akilia sasa. "Mwezi uliopita. Cheki yako aliisaini siku nzima, akaniambia imetoka vizuri. Ukiangalia kwa haraka, ilikuwa vizuri."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee ndiye aliyejibu, polepole, kila neno akilitafuta. "Wewe ukijua, soko linajua. Soko likijua, wote wanaonipa mali kwa kuniamini watakuja siku moja. Hakuna duka linaloweza kusimama hapo."

"Na simu? Si ungenitumia kwa simu tu?"

"Laini ni ya kwake," alisema Nasma, "na namba ya siri aliificha kichwani. Haipo tena. Tumekosea hadi wameifunga."

Winifrida akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hasira ilikuwa imeondoka, ila hofu ilibaki pale pale. Akawaeleza habari ya Pasikali, ya pikipiki, ya polisi jioni. Ya Mabamba hakuieleza.

"Benki wanakubali dole gumba," alisema Nasma. "Niliuliza kwa siri. Aende mwenyewe, ajaze fomu, shahidi asaini. Baba hataki."

"Dole siweki," alisema mzee.

"Mzee, watu wananisubiri."

"Dole siweki. Baba yangu alikuwa na kiwanja Ujiji. Hakujua kusoma. Wakamletea karatasi, wakamwambia ni ya kodi, akaweka dole. Ilikuwa ya kuuza. Tulitolewa mle na vyombo vyetu kichwani." Akaitazama kalamu iliyofungwa vidoleni. "Saini hii nilijifundisha mwenyewe. Nitakwenda benki, nitasaini mbele yao."

Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Wakamkodia bajaji.

Benki ilikuwa na foleni. Mlinzi aliwapeleka mbele kwa heshima ya mzee, na afisa mmoja, mama wa makamo, akamwekea karatasi nyeupe. "Jaribu taratibu, Mzee, hatuna haraka." Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na wote walijua saa za kufunga.

Alisaini. Afisa akalinganisha na kioo cha kompyuta yake, akatikisa kichwa. Alisaini tena, kalamu ikatoboa karatasi. Mara ya tatu mkono uliteleza hadi nje ya meza, na foleni nzima ilikuwa inatazama.

Katika foleni ile alikuwemo Nurudini, mfanyabiashara wa mchele, ambaye magunia yake yalikuwa dukani kwa mzee bila kulipiwa. Winifrida alimwona akitazama mdomo ule, kisha mkono ule. Nurudini akaiacha nafasi yake kwenye foleni, akatoka nje, simu ikiwa sikioni tayari.

"Amekwenda kusema," alinong'ona Nasma.

Simu ya Winifrida ikatetema. Pasikali. Hakupokea. Akachutama karibu na kiti cha mzee, akasema kwa sauti ambayo wengine wasingeisikia.

"Mama yangu naye hakujua kusoma. Siku ya kuandikishwa uraia alikuwa anatetemeka, akafikiri wanamwandika arudishwe. Lakini aliweka dole. Kwa sababu ya dole lile mimi nina nyumba Kibondo. Jana nimeambiwa nitatoroka Mabamba, Mzee. Mtu niliyekua naye ndiye kaniambia."

Mzee alimtazama. Jicho lake moja lilikuwa linatoka machozi lenyewe tangu augue, kwa hiyo hakuna aliyejua kama analia.

"Nisomee," alisema.

"Nikusomee nini?"

"Hiyo fomu. Macho yangu siku hizi yanaruka mistari. Nisomee yote. Si Nasma, si huyu wa benki. Wewe unayetaka hela ndiye unisomee."

Afisa aliitazama saa. "Mzee, ni kurasa kadhaa, na tunakaribia kufunga. Naweza kukufupishia."

"Yote."

Winifrida akaichukua fomu. Alisoma mstari kwa mstari, kwa sauti, kama anavyosoma somo kanisani. Simu ikatetema mfukoni, akaendelea. Alipofika kwenye maneno ya kisheria ambayo hata yeye hakuyaelewa, mzee aliinua mkono wake wa kushoto, na afisa akalazimika kueleza. Mlinzi alishateremsha geti la mbele nusu. Simu ikatetema tena. Winifrida alijua angeweza kuruka ukurasa mzima na mzee asingetambua. Aliufungua ukurasa wa mwisho, akausoma hadi kwenye nukta ya mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Hakuna neno la kuuza?"

"Hakuna."

Mzee akanyoosha mkono. Nasma akafungua kitambaa, kalamu ikaanguka. Afisa alimshika dole, akaligusisha kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Meneja akaitwa, akasaini kama shahidi. Hela zikahamishwa kutoka akaunti ya mzee kwenda ya Winifrida, hapo hapo, mlango ukiwa umefungwa na wao ndani.

Akiwa bado kwenye kiti cha benki aliwatumia wakulima mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Pasikali, kisha akampigia.

"Imeingia," alisema Pasikali. "Pikipiki nairudisha sasa hivi. Mama Reverien, jana nilisema neno…"

"Ulisema," alijibu Winifrida. "Kapande maharage yako."

Akakata.

Walipofika dukani Nurudini alikuwa mlangoni na wenzake wawili. Gari la mwisho la Kibondo lilikuwa linapiga honi stendi, na Winifrida alikuwa na hela yake, hakuwa na sababu ya kubaki. Alishuka kwenye bajaji akamshika mzee upande wa kulia. Nasma akashika wa kushoto.

"Mzee, pole," alisema Nurudini. Alikuwa na aibu, ila hakuondoka mlangoni. "Tumesikia habari. Na sisi tuna watoto."

Nurudini akamgeukia Winifrida.

"Mama, wewe amekulipa?"

"Amenilipa."

"Yote?"

"Yote. Leo hii. Tumetoka benki."

Wakatazamana. Mmoja wa wale wawili akasema yeye anataka magunia yake yatoke jioni hiyo hiyo, hela hataki kusubiri. Nasma akamfungulia, na watu wa mikokoteni wakaanza kubeba. Kona moja ya duka ikabaki wazi. Wa pili alisimama akitazama magunia yakitoka, kisha akasema atarudi asubuhi. Nurudini akabaki peke yake.

"Kesho benki wanafungua saa ngapi?" aliuliza.

"Njoo asubuhi," alisema mzee. "Utanisomea."

Winifrida alilala kwa Mzee usiku huo. Msimu uliofuata duka lilikuwa limepungua nusu, na upande mmoja wa stoo walishaupangisha kwa fundi seremala. Lakini maharage ya Kibondo yaliendelea kushushwa upande wa pili. Nasma alilipa kwa simu, vipande vipande, jinsi hela ilivyopatikana. Kila alipotaka kutuma, mzee alimwita aje uani, na hakumruhusu kubonyeza chochote hadi jina na kiasi visomwe kwa sauti mara mbili.