Kisima cha Jibril

Binti mwenye kofia ngumu aliingia uani kwa Maalim Bashir bila kupiga hodi, na hilo halikumshangaza mtu. Mlango wa ua ule haukuwa na komeo tangu kisima kichimbwe. Mteremko mzima wa Luzira uliingia na kutoka pale na madumu yake, asubuhi na jioni. Kilichomshangaza Maalim ni kwamba huyu hakuwa na dumu. Alivaa buti za mpira, na kwapani alibana ramani.

"Kama ni maji, kamba ile pale," Maalim alisema. "Hapa hatuulizi mtu."

"Asante, mzee. Sikuja kuteka, nimekuja kuyapima. Naitwa Nanyama."

Akaeleza. Tangi lililozikwa chini ya kituo cha petroli, kule juu barabarani, lilishukiwa kuvuja. Kampuni yake ilitumwa kuchimba mashimo matatu membamba ya uchunguzi: moja juu ya kituo, moja pembeni yake, na la tatu chini, kule maji yanakoelekea. La tatu lilikuwa linaangukia ndani ya ua huu.

Maalim alikitazama kisima. Alikichimba mwaka aliofariki mwanawe Jibril, mtoto wa miaka tisa aliyechukuliwa na homa ya siku nne. Kilikuwa sadaka kwa jina lake. Kila koo lililolowa pale, thawabu zilimfikia Jibril huko aliko. Baba hakuwa na kitu kingine cha kumpelekea.

Na kweli, tangu mvua za masika maji yalikuwa na harufu. Maalim alijua sababu yake, au alijiambia anajua: madumu. Dumu la Kampala leo limebeba mafuta ya kupikia, kesho mafuta ya taa, keshokutwa maji. Alikwisha kumgombeza Bi Kaltumi, muuza chai wa jirani, mbele ya watu kwa kuleta dumu chafu. Lakini alipowafundisha watoto wa madrasa kwamba usafi wa maji hujulikana kwa rangi, ladha na harufu, neno la mwisho alilipita mbiombio.

"Chimbeni," alisema. "Mtakachokiona na mimi nikione kwa macho yangu."

"Utaona. Na ikiwa ni petroli, utakifunga kisima?"

"Siku hiyohiyo." Aliahidi kwa wepesi. Mtu hutoa ahadi nyepesi anapoamini hatadaiwa.

Mashine ilinguruma kutwa. Nanyama na fundi wake, Okeny, waliteremsha bomba la plastiki lenye mipasuko myembamba upande wa chini. Walilizungushia mchanga safi, juu yake wakashindilia udongo mkavu unaovimba ukinywa maji, kisha wakamalizia kwa saruji. Mdomoni walitia kifuniko na kufuli.

"Sasa tunayaacha maji yatulie wiki moja," alisema Nanyama, akatia ufunguo mfukoni.

Wiki ilipotimia walirudi asubuhi. Maalim alisimama karibu, na Bi Kaltumi nyuma yake. Nanyama alifungua kufuli, akateremsha kwa kamba chupa ndefu angavu, akaipandisha polepole. Chini mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Juu yake yalielea mafuta mekundu, unene wa kidole. Harufu yake iliwafikia kabla hajasema kitu.

"Hilo ni bomba lenu," Maalim alisema. "Kisima changu kiko hatua kumi na mbili kutoka hapo."

"Maji ya ardhini hayana ua, Maalim. Na kama unashuku madumu, hapa hapakuingia dumu la mtu. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Maalim hakumgeukia Bi Kaltumi. Hakuthubutu.

"Tukiyachemsha?" Bi Kaltumi aliuliza.

"Mvuke wake mtauvuta puani, mama. Sumu hii haiui leo. Inakaa mwilini miaka, ndipo inaamka." Kisha binti alipunguza sauti. "Majibu ya maabara yatachukua wiki mbili. Kabla ya hapo siwezi kukulazimisha, Maalim. Sina barua yoyote mkononi."

"Umesikia?" Bi Kaltumi alidaka. "Wiki mbili. Tumekunywa tangu masika na tuko hai. Maji ya bomba la mji nitayanunua na nini mimi, banange, jamani? Ngoja hizo karatasi."

Wiki mbili. Maalim aliona jinsi ambavyo zingekuwa nyepesi. Makoo mia, makoo elfu, na Jibril bado anapelekewa. Lakini anapelekewa nini? Kufunga kulikuwa kama kumwondolea mtoto sahani kabla hajashiba. Kutofunga kulikuwa kumtilia sumu humo, kisha kumwambia ale kwa jina la Mungu.

"Okeny," aliita, "nisaidie kubeba lile jiwe."

Alifungua kamba kwenye gurudumu, akaikunja, akaiweka kando. Wakaliburuta jiwe la kufulia hadi mdomoni mwa kisima, na Okeny akaziba kingo kwa saruji iliyobaki.

"Wale wa petroli wamekununua ufiche uchafu wao," alisema Bi Kaltumi. "Na bado unajiita Maalim."

"Bi Kaltumi, dumu lako halikuwa na kosa. Nilikuonea."

"Msamaha wako nitaunywa?" Alibeba dumu lake tupu, akaondoka bila kuaga.

Nanyama alifunga kufuli la bomba lake, akashika mkono wa Maalim kwa mikono miwili, kisha akapanda mteremko na sampuli zake.

Maalim alitoa kiti, akakaa langoni. Alasiri wateka maji walianza kuja, mmoja mmoja. Kila mmoja Maalim alimweleza upya kuhusu tangi, bomba na kidole cha mafuta. Wengine walimpa pole. Wengi walimtukana. Hakuacha hata mmoja apite.