Mazoon wa Pune

Alhamisi, saa kumi za alasiri, Bi Kheiria alitandika halua na tende ukumbini kwake, mtaa wa Azaiba. Bi Manal, jirani, aliinua kikombe akauliza:

"Na binti yako Mazoon, mbona hatumwoni?"

"Yuko Pune, anasoma," alisema Bi Kheiria, akammiminia kahawa.

Mazoon alikuwa chumba cha nyuma, kando ya mashine ya kufulia. Kwa mwezi wa saba sasa alikuwa akisikia wanaume wawili wasioonekana wakimsema: sasa anachana nywele, sasa anakunywa maji. Daktari Khattab aliwahoji yeye na mama yake mara tatu. Sauti zinamwamrisha kitu? Analala? Nani anamfuata? Alimpima damu, akampiga picha ya kichwa, ndipo akalitaja jina: skizofrenia.

"Ni maradhi, mama, kama sukari. Vidonge kila siku, usingizi wa kutosha, na msimfiche. Akae na watu."

Bi Kheiria aliyashika yote isipokuwa hilo la mwisho.

Jumamosi simu ililia. Alikuwa Mazoon, kutoka Pune. Amefika salama, chakula kina pilipili nyingi.

"Umechukua sweta?" aliuliza Bi Kheiria. Akakata simu, akampelekea Mazoon uji chumba cha nyuma.

Vidonge vilikuwa mkononi mwa Semeni, mtumishi kutoka Tanga, na havikutolewa bure.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yetu ina watu watatu, wageni wanahesabu wawili."

Mazoon alifikiri, au alijifanya anafikiri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji basi."

"Chukua Pune."

"Pune mama keshaugawa, dada. Nipe mwingine."

Mazoon alicheka, mara ya kwanza tangu Ramadhani. "Haya, chukua Sib."

"Nimekwenda Sib, nimekula jodari, nimelala kwenye kiyoyozi. Jawabu ni wewe. Meza kidonge."

Mwanzo dawa zilimnenepesha na kumlaza mpaka adhuhuri. Daktari akapunguza kipimo. Mwaka ulipoisha, sauti zilikuwa kama redio ya nyumba ya pili. Kisha mwanamume mmoja akanyamaza, na mwenzake akabaki kukohoa tu. Mazoon aliomba kitu kimoja: kunywa kahawa ukumbini Alhamisi, na watu.

"Ngoja kwanza mwenzio wa Pune arudi," alisema mama yake. "Wakikuona sasa n'tawaambia nini?"

Mazoon alingoja miaka miwili.

Mwenziwe alirudi na shahada na masanduku mawili. Alhamisi ile alikaa kati ya wageni. Mazoon aliruhusiwa kuingia, ila na birika.

"Huyu nani tena?" aliuliza Bi Manal.

"Mtoto wa ndugu yangu, katoka Sur."

"Wamefanana, mashaallah."

Mazoon alipofika na birika, yule wa Pune aligeuza kichwa pembeni, pasipo na mtu.

"Wale wanaume wanasema nini?" aliuliza.

Mazoon aliweka birika chini. "Wameanza lini?"

"Tangu uwanja wa ndege."

"Daktari yuko Jumapili. N'takupeleka mwenyewe."

Bi Kheiria aliinuka, akamshika mkono yule wa Pune, akasema binti kachoka na safari. Akampeleka chumba cha nyuma. Semeni alikuwa keshatandika kitanda.

Jumapili Mazoon alimpeleka kwa daktari kama alivyoahidi. Daktari Khattab aliwatazama wote wawili, akafungua faili la pili, na mwisho akasema neno lilelile: msimfiche.

Alhamisi iliyofuata Bi Manal alikuja mapema. Mazoon alimmiminia kahawa.

"Ahsante, mwanangu wa Sur. Na Mazoon je, mbona hatumwoni?"

Bi Kheiria alitazama halua. Alimtazama aliyeshika birika, aliyesimama amenyooka, anasubiri.

"Mpe mji, mama," alisema Semeni kutoka mlango wa jikoni.

"Amekwenda Amman, kusoma tena," alisema Bi Kheiria.

Simu ililia. Mazoon ndiye aliyekuwa karibu, akaipokea.

"Ni Mazoon wa Amman," alimwambia mama yake. "Kafika salama. Ila kasahau sweta."