Wako Akupendaye, Mtunza Ghala

Leonsi alikuwa mtunza ghala la mahindi la kampuni moja pale Sumbawanga, na shule yake iliishia darasa la nne. Wakubwa walipoamua taarifa zote ziende kwa barua pepe, hakubabaika. Alijifunza kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na kila taarifa aliimalizia vile alivyojua barua inavyomalizwa: Wako akupendaye, Leonsi.

Ndiyo maana asubuhi ile aliitwa kwa meneja.

"Mzee mpenzi huyo anapita," Meshack wa mapokezi alisema bila kuinua kichwa. "Mimi mbona huniandikii?"

"Wewe sikupendi," Leonsi akajibu, akapita.

Meneja alikuwa Bi Tusajigwe, mtu wa Mbeya, mgeni bado pale Ufipa. Alimpa shikamoo, kisha akamgeuzia kompyuta.

"Mzee Leonsi, hii yako ya jana niliipeleka makao makuu kama ilivyo. 'Paa linavuja, mahindi yaliyotoka Mwazye yameanza kuota. Wako akupendaye.' Wamenipigia simu wanacheka. Wananiuliza nina nini na mtunza ghala wangu."

"Na paa wameuliza?"

"Hawakuuliza."

"Si unaona. Paa hawana nafasi nalo, ila ya kucheka wanayo."

Bi Tusajigwe alishusha pumzi. "Mzee wangu, barua ya kikazi ina namna yake. Andika 'Kwa taarifa na utekelezaji', yaishe. Wamesema ukirudia, nikutoe ghalani."

Leonsi akachomoa simu mfukoni, akatafuta kidogo, akamkabidhi. "Soma, mama."

Ilikuwa barua ya wafanyakazi wote, imetoka ofisi hiyohiyo kabla Bi Tusajigwe hajahamia. Mnaarifiwa kuwa mke wa mtunza ghala amefariki dunia. Kwa taarifa na utekelezaji.

"Nikajiuliza, nitekeleze nini? Na mimi nife?" Leonsi alisema taratibu, kama mtu anayepanga magunia. "Jina lake hawakuliweka. Ni Coleta. Zamani nilikuwa kuli bandarini Kasanga, namwandikia yuko kwao Kaoze, barua naikata tu mwishoni kama kamba. Akanijibu: mbona hujasema wewe ni wa nani? Tangu hapo nasema. Kunifukuza mtanifukuza, kalamu mnayo nyie. Ila maneno hayo yenu hayatatoka kwenye kidole changu."

Bi Tusajigwe akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Nenda kazini, mzee," alisema.

Leonsi hakujua kama amefukuzwa au la, na hakurudi kuuliza. Mchana mvua ilishuka, akavua shati, akawa anasogeza magunia mbali na matone. Simu ikalia. Meneja alikuwa ameandika: Fundi wa paa anakuja Jumatatu. Hao wa makao makuu niachie mimi. Wewe uko palepale.

Leonsi akateremsha macho pale yanapokaaga yale maneno yao. Hayakuwepo. Palikuwa patupu, halafu jina: Tusajigwe.

Hakusema yeye ni wa nani. Lakini kwa watu wa maofisini, huo ni mwanzo.

Akafuta kidole kwenye suruali, akajibu: Nitampokea fundi mwenyewe. Akamalizia vile anavyojua.