Hodi Arobaini

Tk. Kitufe cha sufuria ya umeme kiliruka kabla hakujapambazuka; wali umeiva. Bibi Petang alijifuta mikono kwenye gauni, akashika simu, akanong'ona, "Hodi," ndipo akafungua ukurasa wa kuuzia mikeka uliotengenezwa na mjukuu wake, Marivel. Akaufunga. "Hodi." Akaufungua tena. Mara arobaini kila alfajiri, tangu Juni. Kwa watu huingii kimyakimya, hata kama ni kwenye simu.

Marivel alikuwa amesema hivi: ikifika sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na mikeka haijapata wateja, atasaini mkataba wa kiwanda Taiwan, miaka mitatu. Sikukuu ilikuwa kesho.

Kulipokucha, Marivel alikaa mbele ya kompyuta.

"Bibi, ukurasa umefunguliwa mara elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyeulizia mkeka."

"Wanaona haya. Wageni ndivyo walivyo."

"Leo nawaondoa watu wa ndani kwenye hesabu. Anayeingia kwa intaneti ya nyumba hii asihesabiwe."

"Kwani wa ndani si watu?"

"Ni watu, ila si wageni. Wewe ukiingia jikoni kwako unapiga hodi?"

Bibi hakucheka. Marivel akabonyeza. Zile elfu nne zikayeyuka, zikabaki tisa.

"Tisa si haba," alisema Bibi.

"Zote simu moja, Bibi. Ya hapa hapa Basey." Marivel akachungulia dirishani, kwenye duka la ng'ambo ya barabara. "Shangazi Uring! Ni wewe unayefungua ukurasa wetu?"

"Kila nikipata nafasi, mwanangu! Mikeka mizuri, jamani!"

Bibi hakuwa amemwomba Uring. Uring alifanya hivyo kwa moyo wake tu.

"Na hizo elfu nne?" aliuliza Marivel taratibu.

Bibi aliitazama sufuria. "Nilidhani ukiona watu, hutaondoka."

Marivel hakumgombeza. Alimpakulia ukoko, ule anaoupenda, akamwekea na samaki mkavu. Kisha akaivuta ile karatasi ya mkataba, akasaini.

Bibi alivunja kipande cha ukoko.

"Huko Taiwan, intaneti si ya nyumba hii?"

"Si ya hapa, Bibi."

"Basi uje ututembelee kwenye ukurasa, mwanangu. Wewe utahesabiwa."