Mpaka Nikupigie Simu

Kazi ya Batula Jirma ilikuwa kutengeneza kitu kinachoharibika haraka kuliko maziwa. Mama yake, muuza maziwa ya ngamia wa mtaa wa Wabera, ndiye aliyesema hivyo siku binti alipomweleza, na Batula hakuona cha kurekebisha. Huko Nairobi, katika chumba cha chini cha hospitali kubwa, yeye na wenzake walichukua kitu cha jamii ya sukari, wakakitia chembe yenye mionzi, kisha wakakikimbiza wodini kabla hakijafa. Mgonjwa akidungwa, uvimbe wa kichwani huinywa ile dawa kwa pupa kuliko sehemu nyingine ya ubongo, na mashine ikipiga picha unaona uvimbe ulipoanzia na ulipoishia. Haiponyi, inaonyesha tu. Na kila saa mbili zikikaribia kutimia, nusu ya mionzi imekwisha, kisha nusu ya iliyobaki, hata kufikia kesho yake hakuna cha kutafuta.

Dawa ilikuwa mpya, bado iko kwenye majaribio, na kati ya wagonjwa wote waliokubali kujaribiwa, picha iliyotoka safi kuliko zote ilikuwa ya mfugaji mmoja wa Kipsing aitwaye Lodio. Batula aliipenda picha ile, Mungu amsamehe, kama mkulima anavyopenda shamba lililostawi. Mwenye kichwa chenyewe alimkumbuka kidogo tu: mtu mrefu, mpole, aliyeshukuru kwa kila kitu hata kwa sindano. Sasa ilihitajika picha ya pili, na simu ya Lodio haikuwa ikishika. Basi Batula alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idd, alimwomba binamu yake Liban ampeleke na gari.

"Nitaongea naye kidogo tu," alimwambia Liban walipoiacha lami. "Jioni tutakuwa tumerudi, pilau bado iko moto."

Walifika jua likiwa kali. Liban alibaki garini akitia maji kwenye rejeta, na Batula akaenda peke yake hadi kwenye boma. Mwanamke mmoja alikuwa akifunga mtungi wa plastiki kwa kamba, mtoto wa kike wa mwaka na kidogo amemshika shuka.

"Ejoka, mama," alimsalimia. "Naitwa Batula. Nimetoka Nairobi, ile hospitali Lodio alipigwa picha."

Mwanamke aliiachia kamba. "Wewe ndio daktari wa simu?"

"Wa simu?"

"Ile ulisema utapiga. Sisi tunangoja tu." Alimnyanyua mtoto akamweka kiunoni. "Mimi ni Nakolong, bibi ya Lodio. Huyu ni Akiru, mtoto yetu. Daktari, imeisha?"

Batula hakuelewa. Nakolong akaelekeza kwa mdomo, ng'ambo ya uzio wa miiba, karibu na mto mkavu. Kulikuwa na kibanda cha matawi na magunia, kimejitenga na nyumba nyingine kama kilichofukuzwa. Mbele yake mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amewapa mgongo.

"Ulimwambia asishike mtoto mpaka upige simu," alisema Nakolong. "Hakuna simu imekuja. Ndio analala huko, tangu arudi, miezi sasa."

Hapo ndipo Batula alipokumbuka. Yalikuwa ni maneno yake mwenyewe, tena aliyasema akimshika mkono: usibebe mtoto, usikae karibu na mwanamke mjamzito, mpaka nikupigie simu jioni nikuambie uko sawa. Ndiyo ilikuwa desturi ya maabara yao, kila aliyedungwa apigiwe jioni. Na alipiga. Ile sauti tamu ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena, ikamwambia vilevile. Akajiambia kesho. Kesho yake dawa ikaharibikia mtamboni, wiki nzima wakahangaika nayo, na asiyekuwepo na lake halipo. Isitoshe alidhani, kama wasomi wanavyodhani mambo mengi, kwamba mtu yeyote mwenye akili angejua jambo lile ni la siku moja.

Lodio hakudhani. Aliambiwa mpaka apigiwe simu, akangoja simu.

"Mbona hamkupiga nyinyi?" Batula aliuliza, na mara hiyo hiyo akaona aibu kuuliza.

"Hiyo namba ya hospitali tukipiga inasema haiko. Ndugu ya Lodio, Ewesit, anapanda kilima kila siku ya soko na simu, anatafuta netiweki. Hata nesi wa dispensari tulimuuliza. Alisema fuateni vile Nairobi walisema." Nakolong alimhamisha mtoto kiuno cha pili. "Sasa jicho moja haioni. Mkono ya kulia haishiki kikombe. Amejua anaenda, daktari, si lazima umwambie. Hataki kitu ingine. Anataka kubeba huyu mtoto kabla ya kuenda. Imeisha?"

Picha ya pili ikatoka akilini mwa Batula, haikurudi tena siku hiyo.

"Iliisha siku ile ile, Mama Akiru," alisema. "Alipofika hapa alikuwa hana chochote mwilini. Angeweza kumbeba alipotelemka tu kwenye gari."

Alitegemea kelele. Alitegemea hata kofi, na angelipokea. Nakolong aliketi juu ya mtungi wake mtupu, akamtoa mtoto kidole mdomoni, akamfuta.

"Usimwambie," alisema mwishowe.

"Siwezi kumdanganya. Mimi ndiye..."

"Mwambie imeisha leo. Yeye anasema alichunga mtoto yake. Kila siku anasema hivyo. Mbuzi amechungiwa na watu, mimi nimemlisha na mkono kama mtoto mdogo, lakini hii moja alifanya yeye. Ukichukua hiyo, utamwachia nini?"

Batula hakuwahi kubadilisha tarakimu hata moja katika kazi yake. Aliwahi kumkaripia mwenzake mbele za watu kwa sababu ya desimali. Lakini alirudi garini, akatoa kile kifaa cha kupimia mionzi alichokibeba ili awaonyeshe wasichana wa shule yake ya zamani, akamfuata Nakolong nje ya uzio.

Lodio alisikia hatua, akageuza kichwa chote, kwa kuwa jicho la upande ule lilikuwa limezimika. Alikuwa amekonda sana. Alipomtambua aliinua mkono wa kushoto kumzuia.

"Daktari, simama hapo kwanza. Uko na mimba?"

"Sina."

"Basi kuja." Akacheka upande mmoja wa uso. "Nilijua utakuja. Niliambia huyu bibi yangu, yule mama hana uso ya uongo. Simu ilikataa, sindio?"

"Simu ilikataa," alisema Batula.

Aliwasha kifaa, akakipitisha kichwani kwa Lodio, kifuani, tumboni, taratibu, kama afanyavyo kazini. Kililia tik, kikanyamaza, kikalia tena.

"Kinalia," alisema Lodio kwa hofu.

"Huo ni mlio wa mawe na jua, uko kila mahali. Sikiliza." Akakielekeza mchangani, kikalia vilevile. "Mwilini mwako hakuna kitu. Imeisha."

"Leo?"

Nakolong alikuwa anatazama chini.

"Leo," alisema Batula, na akajichukia.

Lodio alifumba jicho lake zima.

"Nilichunga," alisema. "Hata watoto ya ndugu yangu sikuacha wakaribie. Huyu akiniletea chakula, namwambia oga mikono kabla ya kurudi kwa mtoto. Hata ile wakati maji ilikuwa mbali, alikuwa ananuna, lakini anaoga. Sindio, Mama Akiru?"

"Ndio," alisema Nakolong. "Ulichunga."

Mtoto hakumtaka. Alipopelekwa karibu alijikunja, akapiga mayowe, akamng'ang'ania mama yake shanga mpaka uzi ukakatika. Lodio alisema pole pole, pole pole, hata mbuzi mdogo hashikwi kwa nguvu. Basi Nakolong akaketi ubavuni pake akamnyonyesha mtoto pale pale, na macho ya mtoto yalipoanza kulegea akamtelezesha kwenye mkono wa kushoto wa baba yake. Akiru alishtuka, akamwangalia, akachoka kuogopa. Alilala kinywa wazi, mguu mmoja ukining'inia.

Lodio hakusogea. Inzi alimtua usoni, akamwacha.

Batula alipumua kwa mara ya kwanza tangu afike. Alifikiri labda Nakolong alikuwa sahihi, labda uongo mwingine Mungu mwenyewe huugeuzia uso pembeni. Alitamani aondoke sasa hivi, kabla chochote hakijabadilika. Lakini mtu mwenye furaha hupenda kuongea, na Lodio alikuwa hajawa na furaha kwa muda mrefu.

"Daktari," alinong'ona asimwamshe mtoto, "na yule mama wa Meru?"

"Yupi?"

"Yule tulidungwa naye siku moja. Tulikaa na yeye kwa kile chumba. Maziwa ilikuwa inamtoka mpaka nguo inalowa, alikuwa ameacha mtoto ya kunyonya nyumbani. Nimemfikiria sana huku. Mimi ni mwanaume, naweza kaa. Mama atakaaje mbali na mtoto, miezi yote hii? Ulimpata?"

Tangu asubuhi hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Batula angeweza kulijibu kwa moyo mweupe, akalidaka kwa mikono miwili.

"Huyo usimwogopee kabisa," alisema. "Nilimpigia jioni ile ile, akashika. Kesho yake alikuwa ananyonyesha."

Maji yakimwagika hayazoleki. Alisikia maneno yake yakitua, moja baada ya jingine, na akamwona Nakolong akifunika uso kwa viganja.

"Jioni ile ile," alisema Lodio.

Aligeuza kichwa kumtafuta Batula kwa jicho lake zima.

"Na dawa ilikuwa moja. Mimi na yeye."

"Ilikuwa moja," alisema Batula. Alipiga magoti mchangani na suruali yake ya sikukuu. "Nilikupigia mara mbili haikushika. Nilipaswa kupiga tena. Nilipaswa kutuma mtu, kuja mwenyewe, chochote. Nilisahau, Baba Akiru. Nilikusahau. Nisamehe."

Alikuwa analia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Lodio hakumwangalia. Alikuwa ameushika ule mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia, anapitisha kidole gumba kwenye unyayo wake mdogo, pale ambapo ngozi ilikuwa imeanza kuwa ngumu.

"Huyu alianza kutembea wakati ya kiangazi," alisema.

"Alianzia nyumbani," Nakolong alisema haraka. "Mimi nilirudi na maji nikakuta anatembea."

"Hukuwa hapo. Ulikuwa umeenda maji. Watoto ya Ewesit walikuwa wanamwangalia, wakamsahau. Mimi ndio niliona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia ng'ombe walivyovuka mto. "Alisimama hapo kwa mlango ya boma. Akaniona. Akaacha ile miti alikuwa ameshika, akakuja. Anaanguka, anasimama, anacheka. Alikuwa anakuja kwangu."

"Hukuniambia," alisema Nakolong.

"Ningekuambia nini? Nilimpigia kelele, akafikiria ni mchezo. Akazidi kukuja." Kidole gumba kilisimama unyayoni. "Nikaokota mawe."

Mtoto alijigeuza usingizini, akamlalia kifuani.

"Ile jiwe ya kwanza nilimrushia haikumrudisha," alisema Lodio.