Maslaha ya Upanga

Garissa hakuna kitu kinachopatikana bila kikao. Ukitaka udiwani, wazee wakae. Ukitaka mke, wazee wakae. Kwa hiyo Keinan alipotaka kumchagulia shujaa wake silaha kwenye gemu, vijana wa mtaa wake wa Iftin waliona ni wajibu wao mtukufu kukaa pia.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Adeer Salat, mdogo wa baba yake, alikuwa amepiga simu kutoka Eldas akitaka kijana wa kumchungia ngamia mpaka mvua inyeshe. Wasio na kazi katika ukoo walikuwa wawili tu, Keinan na binamu yake Ayanle wa mtaa wa Waberi. Wakakubaliana kama watu wenye akili timamu: wapambane kwenye gemu mara moja tu, Ijumaa baada ya Alasiri, na atakayeshindwa apande gari la Eldas. Keinan, ambaye harufu ya ngamia humtia kichefuchefu, aliogopa mpaka akakosa hamu ya kula.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Shujaa huanza na pointi chache za kugawa, na Keinan alitaka kuzimimina zote kwenye nguvu, kisha ampe upanga mkubwa wa kushikwa kwa mikono miwili. Ni silaha ya polepole, lakini ikimpata mtu hasimulii.

"Upanga peke yake, walaal?" Shuaib akamuuliza kwenye kibanda cha gemu. Shuaib alijiteua mwenyekiti kwa sababu alikuwa na ndevu. "Na sisi watu wa mkuki je?"

"Mkuki siutaki."

"Basi Ijumaa tutashangilia Waberi."

Keinan akanywea. Kuzomewa na mtaa wake mwenyewe asingekustahimili, basi akakubali maslaha, ile suluhu ya kikao ambayo kila upande hupewa chake. Wakakaa, wakanywa chai yake, wakaomba dua. Yahye alidai visu viwili, kwa ajili ya wepesi. Wengine wakadai ngao. Kila upande ukapata haki yake: pointi kidogo za nguvu, kidogo za wepesi, kidogo za kila kitu. Shujaa akapewa upanga mkono huu, kisu mkono ule, mkuki na ngao mgongoni, na juu yake deraya ya chuma ili waliosahauliwa wasinung'unike.

"Amani imepatikana, alhamdulillahi," Shuaib akasema. Shujaa mwenyewe hakuulizwa.

Ijumaa Ayanle alikuja na rungu. Waberi walishindwa kukubaliana nani aongoze kikao, kwa hiyo aliamua peke yake na kulitilia rungu pointi zote. Shujaa wa Keinan aliingia uwanjani kama punda wa maji. Upanga ulimshinda kuuinua, nguvu hazikutosha. Kisu kilihitaji wepesi, na deraya ilikuwa imeumaliza. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alishika nne. Alipokuwa akipapasa mgongoni kutafuta mkuki, rungu likamshukia kichwani na pambano likaisha.

"Angalau tumeshindwa kwa umoja," Shuaib akasema, akiwapa wenzake mikono.

Eldas, adeer Salat alimkabidhi hangool, fimbo ndefu yenye panda ya kuvutia matawi ya miiba. Ilikuwa nzito, ya kushikwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyempa na ngao. Keinan alikuwa bado anaitazama Yahye alipopiga simu.

"Tulikaa jana. Kiti chako pale kwa gemu tumempa Ayanle, sasa atachezea Iftin."

"Mlikaa bila mimi?"

"Hukuwepo, walaal. Lakini waliokuwepo wote wameridhika."

Keinan akakata simu. Iliuma kuliko lile rungu.

"Nani huyo?" adeer Salat akauliza.

"Wazee wa mtaa," Keinan akajibu, akawafuata ngamia.